Kitufe cha Mbili

Kwa miaka mingi sikujua kutengeneza simu ya kampuni nyingine yoyote, na wala sikuona aibu kusema hivyo. Kibanda changu pale mtaa wa Kambarage, mjini, kilikuwa na meza moja, taa ya kuinamisha na droo kumi na mbili, zote zimejaa spea za kampuni moja. Mteja akija na simu ya kampuni nyingine nilimwelekeza kwa jirani yangu, fundi wa redio, maana kwangu mimi hicho alichoshika hakikuwa simu bali kidude cha kuchezea watoto. Wakaniita Mke wa Kampuni. Sikujali. Mdomo nilikuwa nao, na kazi ilikuwepo.

Ni vigumu kumweleza kijana wa leo jinsi kampuni ile ilivyotushika. Madereva wa malori waliosubiri mzigo Isaka walikuwa na simu zake. Wafugaji walioleta ng'ombe mnadani walikuwa nazo, wamezining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Vijana wa Bugarama na wa kule Geita wanaoshuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, waliniletea simu zilizojaa vumbi la mwamba mpaka vitufe havibonyei. Nilizifungua, nikazisugua kwa mswaki na spiriti, nikazianika juu ya gazeti, na kufika jioni zilikuwa zinawaka. Mmoja wao alinitania kwamba nisitupe vumbi lile, huenda lina dhahabu. Nilimcheka, lakini kesho yake nikaanza kulikusanya kwenye kopo, na nililikusanya karibu mwaka mzima kabla ya kukubali kwamba mimi ni mjinga.

Katika simu zote zilizopita mikononi mwangu, moja tu ndiyo iliyokuwa ikinipa usingizi au kuninyima. Ilikuwa ya mama yangu.

Mama aliishi peke yake kijijini kwetu, magharibi ya Isaka, karibu saa tatu kwa pikipiki kutoka mjini. Baba alishafariki na kuzikwa nyuma ya nyumba, na Mama aliapa kwamba hatalala mahali ambapo hawezi kuamka akafagia kaburi lile. Nilimbembeleza aje mjini, nikanuna, nikagomba. Alinijibu kwamba huko mjini tunaishi kwenye makasha. Macho yake yalikuwa yanakufa polepole. Kuni kwetu zilikwisha zamani; watu wanapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake unachoma. Kuinamia moshi ule tangu usichana kulimwachia macho mekundu yanayotiririka machozi, na mwishowe akawa anaona vivuli tu.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kusoma hayo maneno, macho mekundu, akapita zake. Mimi siwezi. Nimekulia mahali ambapo bibi kizee mwenye macho mekundu, anayelala peke yake, anaweza kuamka siku moja akakuta jina lake liko midomoni mwa watu. Mtoto wa mtu anaumwa, mpiga ramli anatikisa kibuyu chake na kusema mchawi yuko upande wa machweo, na watu wanageuka kuangalia nyumba ya upande wa machweo ni ya nani. Nilikuwa msichana wa shule bibi mmoja wa kijiji cha jirani alipokatwa mapanga. Nilikuwa nikipita kwake kuomba maji ya kunywa nikitoka shule. Hofu iliyoniingia siku ile haijawahi kunitoka, nimejifunza tu kuishi nayo.

Ndiyo maana nilimpa Mama simu ya kampuni ile, na nikamfundisha jambo moja tu. Kitufe cha tano kilikuwa na kijinundu katikati. Kidole kikishakipata hicho, kinapanda mstari mmoja juu, hapo ni mbili. Akikishikilia kitufe cha mbili mpaka mwisho, simu inanipigia mimi. Kila kulipopambazuka alinibipu mara moja akakata, maana yake ameamka mzima. Sikupokea, ningepokea angenigombeza kwa kumlia vocha. Lakini akiiacha iite mpaka ikatike yenyewe, nijue kuna jambo. Chaji ilikaa juma zima. Ilianguka kwenye ndoo, ilikanyagwa na ndama, ikaendelea kuita. Nilimwapia Mama kwamba simu hiyo itatuzika sote wawili.

Siwezi kusema kwamba sikuona kampuni ikianguka. Niliona, nikakataa. Zilipoingia simu za kupangusa kwa kidole nilizicheka hadharani. Nilisema kioo hicho hakimalizi mwezi, chaji haifiki jioni, na hakuna mchimbaji mwenye akili atakayeshuka shimoni na kioo. Baada ya muda wakaja wachimbaji wale wale, na vioo vyao, wanataka kuona picha, wanataka kujua bei ya dhahabu, na wakasimama kwenye kibanda cha jirani yangu fundi wa redio, ambaye sasa alikuwa ameajiri watu wawili. Wakala wa kampuni pale mjini akateremsha bango lake kubwa na kupandisha jingine. Siku moja nikasikia redioni kwamba wenyewe wameshaiuza biashara yao ya simu. Niliikasirikia kampuni ile kama mtu anavyomkasirikia kaka yake aliyelewa akauza shamba la familia. Walikuwa na wahandisi, walikuwa na fedha, watu wa dunia nzima walilala na simu zao chini ya mto, halafu wakakaa kitako wakisubiri. Nilisema maneno hayo kwa hasira mbele ya wateja wangu wawili waliobaki. Baadaye nilipokuwa peke yangu nikajiuliza mimi mwenyewe nilikuwa nikisubiri nini, nikatishika.

Spea halisi zikaisha. Mzigo uliokuja kutoka Kariakoo ulikuwa feki, betri zinavimba, vitufe vinachakaa kabla ya mwezi kwisha. Nikawa nachinja simu moja ili kuiponya nyingine. Simu ya Mama niliibadilishia vitufe mara tatu, vyote vya simu zilizokufa. Kila nilipovuta droo niliikuta nyepesi zaidi. Niliogopa njaa, ndiyo, lakini zaidi niliogopa ile asubuhi ambayo simu yangu haitabipu.

Asubuhi hiyo ilifika. Nilipanda pikipiki kabla ya kunawa uso. Nilimkuta Mama mzima, ameketi mlangoni na simu mapajani, anaibonyeza mbili, anaishikilia, anaiachia, anaibonyeza tena. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikarudi nayo kibandani nikaifungua, nikakuta sakiti imeoza kwa kutu. Nilikaa nayo mezani siku mbili. Nikamnunulia nyingine iliyogongwa jina lile lile na watu nisiowajua, ila vitufe vyake vilikuwa bapa, vimebanana, na Mama akawa anapiga kwa watu wa ajabu wanaomtukana. Nikaitupa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilisema, kama dunia imehamia kwenye vioo, basi Mama naye atahamia. Nilimnunulia simu ya kupangusa, kubwa, na nikawasha ile sauti inayowasomea vipofu. Ukigusa popote, inasema umegusa nini. Ikipigiwa, inataja anayepiga. Ikifika saa kamili, inasema saa ngapi. Kiswahili nilikitafuta kwenye mipangilio yake nikakikosa, kwa hiyo ilisema Kiingereza, sauti ya mwanamke wa Kizungu. Masikio ya Mama nayo yalikuwa mazito, nikaipandisha sauti mpaka mwisho. Nilikaa naye siku mbili namfundisha. Niliporudi mjini nilijiona mwerevu kweli kweli.

Kupiga hakuweza. Nikasema si kitu, nitampiga mimi. Nilimpigia kila alfajiri na kila jioni, na katika mara tatu labda alifanikiwa kupokea mara moja. Asipopokea nilirudia, mara nne, mara tano, mpaka nimpate.

Wiki kama tano hivi baadaye alikuja kijana mmoja mchimbaji, anafanya kazi Bugarama, kioo chake kimepasuka. Wakati huo nilikuwa nimeshameza kiburi na kujifunza vioo. Alikaa kwenye benchi akisubiri, akaanza kupiga soga. Akanitajia kijiji alikooa, na kilikuwa kijiji chetu.

"Dada fundi, kule ukweni kwangu mambo yameharibika," alisema. "Kuna bibi mmoja analala na majini. Kizungu kitupu!"

"Nani kamsikia?" nilimuuliza. Sikuinua kichwa.

"Watu wote. Sauti ya mwanamke, Kiingereza kimenyooka. Mle ndani wanaona mwanga mweupe unatokea kwenye nyufa za mlango. Na bibi mwenyewe anagombana nalo kwa Kisukuma, analiambia linyamaze, halinyamazi. Mtoto wa jirani yake ana homa wiki ya pili sasa, dawa hazimshiki. Mganga kashapiga ramli. Leo saa nane sungusungu wanakaa kikao hapo hapo kwa bibi."

Niliweka bisibisi chini. Nikachukua simu yangu kumpigia Mama, nikaitafuta namba yake, na kidole kilipokaribia kugusa kioo nikakielewa nilichokuwa nikikifanya kwa wiki tano zote zile. Nikipiga, lile dude linapiga kelele kwa Kiingereza mbele ya wote waliomzunguka. Nisipopiga, sitajua kama yu hai. Nilikaa na kidole hewani. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, wala sitaki kuogopa vile tena.

"Huyo bibi ni mama yangu," nilimwambia.

Alinitazama, akasimama. Wengine wangekimbia. Yeye aliwasha pikipiki yake na kuniambia nipande. Njia nzima sikumwambia neno ila kumhimiza aongeze mwendo, na saa nane ilitupita tukiwa bado barabarani.

Uwanja wa nyumbani ulijaa watu. Wanaume wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikaa kwenye viti vyao vifupi na magogo, fimbo na pinde mapajani. Wanawake walisimama pembeni karibu na jiko. Mama alikuwa katikati, juu ya kigoda chake, mikono ameilaza mapajani, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anavyofanya anapojaribu kusikia. Hatua chache mbele yake palikuwa na kinu kimepinduliwa mdomo chini. Nikaambiwa dude limo humo. Walilifunika kinu ili lisiseme, na hakuna aliyethubutu kulikaribia.

Nilitaka kumkimbilia Mama. Lakini kwetu mtoto hapiti mbele ya wazee bila salamu, na siku ile salamu yangu ilikuwa inapimwa. Basi nikaanza kwa kamanda wao, nikapiga goti, shikamoo, marahaba, nikamwendea wa pili, wa tatu, nikawamaliza wote waliokaa. Nikiwa katikati ya salamu hizo nilimwona mjomba wangu, mdogo wake Mama wa tumbo moja. Alisimama mbali, nyuma ya watu wote, ameegemea uzio wa zizi la ng'ombe na fimbo yake mkononi. Macho yetu yalikutana. Akageuka akaangalia ng'ombe.

"Kamanda," nilisema, "kilichomo kwenye kinu ni simu. Niliileta mimi. Macho ya Mama hayaoni, nikamtafutia simu inayosema."

"Simu tunazijua, mwanangu," kamanda alijibu. "Simu haisemi kama hujapiga."

Nikakiinua kinu mwenyewe. Watu wa mbele walivuta miguu yao. Nilimwomba kamanda atoe simu yake aipige ile ya chini, kwa mkono wake, mbele ya watu wake. Mwishowe akatoa kwenye koti lake simu ya vitufe ya kampuni ile ile, imefungwa mpira ili betri isidondoke, nami nikamtajia namba, moja moja, naye akazibonyeza, moja moja. Kioo kikawaka. Yule mwanamke wa Kizungu akapaza sauti kutoka mavumbini akisoma namba ya kamanda wa sungusungu, na nusu ya uwanja ikakimbia. Mzee mmoja alianguka na kiti chake. Ndipo yule mchimbaji aliyenileta akacheka, na vijana wengine wenye simu kama hiyo wakacheka, na kamanda aliyekuwa bado ameishika simu yake sikioni akacheka wa mwisho. Nikaiokota, nikaizima ile sauti, nikawaonyesha pa kuzimia. Mzee mmoja aliigusa kwa ncha ya kidole. Nilidhani tumepona.

Kisha akasimama mama wa yule mtoto mgonjwa, mtoto yuko mgongoni, kichwa kimelegea. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa na hofu kama mimi.

"Simu tumeielewa, dada," alisema. "Na macho je?"

Hakuna aliyecheka.

"Ni moshi," nilimwambia. "Ni moshi wa jikoni tu."

"Sote tunapika kwa moshi," alijibu.

Nilimwambia ampandishe mtoto kwenye pikipiki sasa hivi tumpeleke hospitali. Niliunyosha mkono, naye akarudi nyuma hatua moja, akiusitiri uso wa mtoto ili nisimguse. Hapo niliona kwamba nimeshaingia na mimi kwenye hesabu. Niliwaangalia wazee wale mmoja mmoja nikingoja aseme yeyote kwamba huyu mama tunamjua, amezalisha wake zetu, amelia kwenye misiba yetu. Walitazama chini. Kamanda akakohoa.

"Mkutano umekwisha kwa leo," alisema.

Lile neno, kwa leo, lilinipita mwilini kama maji ya kisima. Nilipiga magoti mbele ya Mama na kumwambia karibu na sikio kwamba tunaondoka. Nilijiandaa kwa mabishano, kwa kaburi na makasha ya mjini. Hakubisha. Alipapasa akaipata kanga yake, akajifunga, akasema, "Twende jua likiwa bado juu." Nyumba hakuifunga. Kaburi hakuliaga. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameelewa kila kitu tangu siku nyingi, na kwamba amekuwa akiogopa peke yake mle ndani huku mimi nikimpigia na kumpigia.

Tulipanda mshikaki, kijana mbele, Mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Alitetemeka mpaka tulipofika Isaka. Pale tulisimama kwenye kibanda cha chai mbele ya maegesho ya malori, nikamshikisha kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo kidogo. Kisha akaniomba nimtajie waliokuwepo, maana yeye aliona vivuli tu, na sauti nyingi hazikumfikia. Nikamtajia. Kila niliyemtaja alikuwa na neno juu yake: huyu Mama alimkopesha mbegu, yule alimnyonyesha baada ya mama yake kufariki, yule mwingine siku zote alikuwa mwoga. Alisema bila uchungu, kama anayepanga vyombo.

"Na mjomba wako?" aliuliza.

Niliuangalia uso wake. Macho yale yalikuwa yamenielekea, yanachuruzika, yanangoja.

"Hakuwepo, Mama."

"Nilijua," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka. "Angekuwepo angesema neno. Hebu mpigie, mwanangu, asije akasikia kwa watu akahangaika. Mwambie niko salama."

Nilitoa simu yangu. Ilikuwa ya kioo, haina vitufe, hata mtu mwenye masikio mazuri asingejua kama nimepiga au sikupiga. Nikaiweka sikioni.

"Shikamoo mjomba," nilisema kwa sauti, ili Mama asikie. "Ndiyo, niko naye hapa. Usihangaike."

"Mwambie namsalimu sana," Mama alisema.

"Anakusalimu sana," nikasema.